Pole haikaushi ukuta

Kwetu Mwanza mtu akifiwa, hakuna anayeuliza afanye nini. Turubai linafungwa kabla jua halijazama, viti vinakuja kwa mkokoteni, kina mama wanagawana masufuria, daftari la rambirambi linafunguliwa na kukabidhiwa mtu anayeaminika kwa fedha. Hata kijana aliyehamia mtaani mwezi uliopita anajua pa kushika: anapasua kuni, anachota maji, anakesha nje na wanaume wenzake. Lakini nyumba ikiingiliwa na maji, watu walewale wenye moyo uleule wanafika bila kujua pa kuanzia. Wanasimama mlangoni, wanapiga picha, wanasema pole, wanasaidia kutoa tope saa mbili tatu, wanaondoka. Wiki chache baadaye mwenye nyumba yuko peke yake na kuta zinazotoa unyevu, na simu haiiti tena.

Nimeshika chepe na fagio katika nyumba za ndugu na marafiki, bondeni Mabatini na ufukweni Igombe, na kila mara nimeona jambo hilohilo. Upendo upo tele. Utaratibu ndio haupo. Naandika kwa ajili yako wewe mwenye dada, mjomba au rafiki anayekaa chini ya kilima, kwa sababu mvua za kwetu zina ratiba yake, vuli na masika, na sisi tunaweza kuwa na yetu.

Maji yenyewe si ya aina moja, na msaada pia hauwezi kuwa wa aina moja. Mji wetu umekaa juu ya majabali. Mvua ikipiga kwenye mawe na kwenye mabati ya nyumba zilizopandiana vilimani, haipati udongo wa kuzama. Inateremka yote kwa pamoja, imebeba mchanga, chupa za plastiki, taka za mitaroni na kilichokuwa vyooni, inaingia Mto Mirongo, na Mirongo ukishindwa kuyapitisha, yanatafuta milango ya watu. Maji hayo huja kwa kishindo na huweza kuondoka siku hiyohiyo, yakaacha tope. Maji ya Ziwa Victoria ni mengine kabisa. Hayo hupanda polepole, na yakishafika hukaa. Mwezi Mei 2020, kipimo cha ziwa pale Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Ziwa lote hili, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Nile, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ndiyo maana mwaka ule watu wa ufukweni walisubiri yashuke, wakasubiri tena, na nyumba zao ziko ndani ya maji.

Nianze na Mabatini, maana huko ndiko nilikojifunza mengi.

Mama yangu mdogo ni fundi cherehani. Amepanga vyumba viwili, cha mbele anashonea, cha nyuma analala na wajukuu. Maji yalimkuta Desemba, wakati wa vuli, msimu ambao fundi wa sare za shule halali. Januari shule zinafunguliwa, na wazazi wanakuwa wameshaleta vitambaa na malipo ya awali. Mvua ilipiga alfajiri. Maji yalipita magoti ndani ya nyumba, na yeye na watoto walikimbilia kwa jirani mwenye kibaraza kirefu. Kulipopambazuka yalikuwa yameshapungua, na vijana wa mtaani walikuwa wameshaingia na machepe.

Vijana wale wana baraka zao. Walifanya kazi kwa nguvu na hakuna aliyeomba hata maji ya kunywa. Lakini hawakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo kila kilicholowa walikitoa na kukirundika barabarani kama taka, pamoja na kiroba cha vitambaa vya sare vilivyokwisha kukatwa. Mama mdogo alipotoka kwa jirani akakiona kile kiroba juu ya rundo, miguu ilimwishia nguvu, akakaa chini kwenye tope. Watu wakadhani analilia godoro. Shangazi mmoja akaanza kumfariji kwamba godoro tutanunua. Yeye akasema, “Mwanangu, nitafutieni vitambaa vya watu. Godoro nitalipata. Vile ni vya watu, nitawajibu nini?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgeni, hata awe ndugu wa damu, hawezi kujua ndani ya nyumba ya mtu kipi kina thamani. Sisi tunaona televisheni na makochi. Mwenye nyumba anafikiria daftari la vipimo vya wateja, dawa za baba, kadi ya kliniki ya mtoto, ufunguo wa kibanda sokoni. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya chepe kugusa chochote, ni hili: “Mama, tuanze kukuokolea nini?” Halafu ukae umsikilize, hata kama jibu lake linakushangaza.

Tangu siku ile, popote ninapokwenda tunatenga mafungu matatu nje: kinachobaki, kinachosubiri kuamuliwa, na kinachotupwa. Fungu la kutupwa haliondoki mpaka mwenyewe alipitie kwa macho yake. Na tunapiga picha za kila kitu kabla hakijaondolewa, pamoja na alama ya maji ukutani, kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, kwa mwenye nyumba, na kwa bima kwa wale wachache walio nayo.

Kabla ya hayo yote, umeme. Hili sitalipitia haraka, kwa sababu huua watu waliokuja kusaidia. Usiingie kwenye maji ndani ya nyumba kama hujajua kwamba umeme umezimwa. Kama swichi kuu iko mahali pakavu na unaifikia ukiwa umesimama pakavu, izime. Kama kuifikia ni lazima ukanyage maji, iache, wapigie TANESCO. Usidanganyike kwa kuwa mtaa mzima hauna umeme. Unaweza kurudi wakati umeinama chini ya soketi. Na friji, pasi, feni, subwoofer, vyovyote vilivyoguswa na maji, havichomekwi “kujaribu tu”. Fundi avifungue kwanza, vikauke, avipime. Soketi na nyaya za ukutani nazo ni vivyo hivyo.

Kuta pia zitazamwe kabla ya kuingia. Bondeni nyumba nyingi za zamani ni za tofali za tope zilizopigwa plasta ya saruji kwa nje, na plasta inaficha. Ndani ya plasta tofali linakuwa limelainika, na ukuta unaweza kuanguka baada ya maji kuondoka, pengine usiku, watu wakiwa wamesharudi kulala. Ukiona ufa mpya, ukuta uliotoa tumbo, au mlango ambao jana ulifunga vizuri na leo umekaa upande, watoto wasilale humo. Wachukue kwako. Huo peke yake ni msaada mkubwa kuliko mfuko wa sukari.

Kuhusu tope: watu wetu wana ujasiri wa kulishika kwa mikono mitupu, na mimi nasema hapana. Lile si tope la shambani. Limepita kwenye vyoo vya shimo vya kilima kizima. Vaa gambuti, vaa glovu, na kama huna, funga hata mifuko ya nailoni mikononi. Aliyekatwa na bati au msumari aende kituo cha afya akaulizie chanjo ya pepopunda, asifunge kitambaa akaendelea. Watoto wasiachwe wachezee madimbwi, hata jua likiwaka.

Tope litolewe likiwa bado laini, kwa sababu likikauka linashika kama saruji. Ukilishatoa, osha sakafu na kuta kwa maji na sabuni kwanza, ndipo upitishe jiki. Wengi wanamwaga jiki juu ya tope na kuridhika na harufu. Lakini uchafu unaimaliza nguvu yake kabla haijaua chochote. Glasi moja kwenye ndoo ya lita 20 inatosha kwa sakafu na vyombo vigumu. Fungua milango na madirisha. Na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kuoshea choo, maana mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini ya kutibu maji, hata ya bombani, kwa sababu bomba lililopasuka chini ya mtaro hunyonya yaliyo nje. Kisima kifupi kilichofunikwa na mafuriko kisinywewe mpaka kisafishwe na kutiwa klorini. Mji huu unakijua kipindupindu. Mtu akianza kuhara maji yanayofanana na maji ya mchele, usisubiri asubuhi. Anza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku mkielekea hospitali.

Sasa chakula, na hapa nahitaji kusema jambo la moyoni. Kila kilicholowa maji yale, unga, mchele, maharage, dagaa, ni cha kutupwa. Kukianika hakuondoi kilichoingia. Ukisema hivyo kwenye mkutano kila mtu anaitikia. Nenda ukamwambie mama mwenye gunia moja la mpunga aliloletewa kutoka Sengerema, ambalo ndilo hesabu yake ya miezi miwili, alimwage. Hatalimwaga. Atangoja uondoke, aanike. Mimi simlaumu. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: usimwambie mtu atupe gunia kabla hujamletea debe. Mletee kwanza, kiasi chochote, akione ndani kwake, ndipo mzungumze. Hivyohivyo kwa godoro. Godoro la sponji lililokunywa maji ya choo halifuliki, hata lianikwe wiki nzima juani, lakini mtu atalilalia kama mbadala wake ni sakafu. Ndugu wawili wakichanga godoro la futi tatu na nusu siku ya kwanza, lile la zamani linatoka lenyewe bila mahubiri.

Siku ya kwanza usilete unga. Jiko limelowa, mkaa umelowa, sufuria zimejaa tope. Leta chakula kilichopikwa, kilicho kwenye vyombo ambavyo hutavidai, maji ya kunywa, sabuni, na chaja ya simu au power bank, kwa sababu simu ikizima mtu anapotea. Wanawake wanahitaji taulo za kike na nguo mpya za ndani na mara nyingi hawatasema, hasa wasichana, hasa mbele ya wajomba. Shemeji yangu huwa anapita na mfuko wake kimya, anamwita dada wa nyumba pembeni, anamkabidhi. Anayeleta nguo za mitumba azifue na kuzichambua kwake. Nimeona kiroba cha nguo chakavu kikitupwa palepale kwenye tope kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukichambua.

Turudi kwenye vitambaa vya sare, maana kazi ile ilinifurahisha kuliko zote.

Tuliviokoa vingi. Siri ni kuvisuuza kwenye maji matupu mara nyingi mpaka tope liishe, ndipo utie sabuni. Ukianza na sabuni unalishikiza tope kwenye nyuzi. Jiki haikuguswa, ingekula rangi ya bluu. Tulipata maji ya kutosha kwa jirani mwenye tangi, kamba ikafungwa kutoka mwembe hadi nguzo, na uani pale palikuwa na suruali na sketi za shule ambazo hazijashonwa, vipande vipande, kila kimoja kimebanwa na kibanio. Binti mmoja wa jirani akakaa na daftari la vipimo. Kurasa zilikuwa zimeshikana lakini maandishi ya kalamu ya risasi hayakukimbia, na mama mdogo alikuwa anatazama kila kipande na kukisema ni cha nani. Vilivyoharibika kabisa tuliandika majina, na mjomba mmoja akajitolea kuwapigia wazazi wale yeye mwenyewe kwa heshima, ili mama asibebe hilo nalo. Hakuna mzazi aliyegomba. Wawili walileta vitambaa vingine siku hiyohiyo.

Cherehani, kile cheusi cha chuma cha kukanyaga kwa miguu, kilikuwa kimelala ubavu kwenye tope. Fundi wa cherehani tuliyemleta alisema hivi: kisiachwe kikauke na mchanga wake. Tulikimwagia maji safi mpaka mchanga ukaisha kutoka, tukakipangusa, tukakiweka juani, ndipo yeye akakifungua, akaosha viungo kwa mafuta ya taa, akavikausha na kuvitia mafuta ya cherehani. Mota za umeme ni hadithi tofauti, lakini chuma kile kilirudi. Meza yake ya mbao iliyobanwa kwa gundi ilivimba na kupasuka, seremala akaunda nyingine ya mninga wa mabaki. Mama mdogo alianza kushona kibarazani kwa jirani wakati vyumba vyake bado vinanuka unyevu. Toka siku ile sauti yake ilibadilika kwenye simu. Ndiyo maana nikiulizwa mchango uende wapi kwanza, nasema chakula, pa kulala, halafu moja kwa moja kwenye kinachomwingizia mtu riziki: cherehani, jiko la chapati, bodaboda, mtaji wa nyanya. Makochi yatasubiri.

Karatasi na picha. Watu wanazitupa mapema mno. Picha za zamani zilizolowa na kushikana usizivute, na usiziache zikaukie pamoja, maana zikikauka hivyo zimekuwa jiwe. Ziweke kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziachie zenyewe, kisha zisuuze taratibu bila kusugua upande wenye sura, uzilaze kivulini sura ikiangalia juu. Picha iliyogandia kioo cha fremu iache na kioo chake. Vyeti na hati vinatenganishwa na kulazwa juu ya taulo au karatasi nyeupe kavu, mahali penye hewa, si juani. Na kama ziko nyingi kuliko mikono yenu, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: zifungeni kwenye mifuko ya nailoni, mziweke kwenye jokofu la kugandisha. Barafu inasimamisha uozo na ukungu, na mnaweza kuzishughulikia wiki kadhaa baadaye, kidogo kidogo. Katika mji wa samaki kama huu haukosi mtu mwenye jokofu. Picha za harusi ya mama mdogo zilikaa kwa dada anayeuza barafu za maji, chini ya sangara wake, zimefungwa nailoni tatu. Ya marehemu baba mdogo akiwa na kofia ilitoka na doa pembeni tu, uso wake mzima.

Sasa nifike kwenye kuta, ambako msaada wa wengi wetu huishia kabla haujaanza.

Tofali la saruji linakunywa maji na kuyatoa polepole sana. Kwa macho ukuta umekauka, ndani bado. Ukipaka rangi mapema, hasa ya mafuta, unayafungia humo, na baada ya muda rangi inavimba, inabanduka, na ukungu mweusi unatokea nyuma ya kabati, ukiwakohoza watoto na kumwamsha mwenye pumu usiku. Njia rahisi ya kupima ni kubandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, subiri. Wakati wa kusubiri, vitu visogezwe mbali na ukuta, madirisha yawe wazi mchana, plasta iliyolegea ibanduliwe ili tofali lipumue. Kazi hiyo haina picha ya kupiga. Ni mtu kwenda kila jioni kufunga madirisha na kila asubuhi kuyafungua, kwa wiki nyingi, wakati mwenyewe yuko kazini. Hapo ndipo ndugu anapoonekana.

Na jiko la mkaa lisiwekwe ndani kukausha chumba. Nalisema kwa herufi nzito kwa sababu nimelisikia likipendekezwa na watu wazima wenye akili zao. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa haina harufu ya kukuonya, na watu hulala wasiamke. Jenereta nalo likae nje, mbali na dirisha.

Kwa mpangaji kuna maumivu mengine. Kodi imeshalipwa ya miezi sita, nyumba hailaliki, na mwenye nyumba anasema mvua ni ya Mungu. Mpangaji mnyonge hawezi kuzungumza peke yake. Nendeni wawili watatu, mmoja awe mzee anayeheshimika, na zile picha za alama ya maji, mzungumze kwa upole mbele ya mwenyekiti wa mtaa: muda usiolalika usihesabiwe, au matengenezo yakatwe kwenye kodi ijayo. Kisha kiandikwe. Tulivyokwenda na babu yetu mkubwa, mazungumzo yalichukua muda wa kikombe cha chai.

Kuhusu fedha, tuige msiba. Mtu mmoja mwaminifu ashike daftari, kila kinachoingia kisomwe kwenye kundi la ukoo, kila kinachotoka pia. Anayetuma kwa simu atume na ya kutolea. Na mchango usimwagwe wote siku ya kwanza, wakati mtu hana hata meza ya kuuwekea. Sisi tuligawana majuma: huyu ataleta chakula juma hili, yule atalipa fundi umeme juma lijalo, wa Geita atatuma mwezi ukigeuka, kwa ajili ya saruji. Pia kuna haja ya msemaji. Mama mdogo alikuwa anapigiwa na kila ndugu kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam, na kila mmoja anataka kusimuliwa upya maji yalivyoingia. Binamu akaichukua simu, akawa anajibu yeye. Mama akapata kulala.

Maneno nayo yanasaidia au yanaumiza. “Mshukuru Mungu mko hai” ni kweli, naye ameshamshukuru kabla hujafika. Mwachie yeye alitamke. Na “si mlijua pale ni bondeni?” lisisemwe kabisa. Ndiyo, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa, na naiunga mkono, na mitaro yetu tunaiziba wenyewe kwa takataka, wa juu wakimtupia wa chini. Lakini watu wanakaa bondeni kwa sababu chumba ni cha bei wanayoiweza na soko linafikika kwa miguu. Mazungumzo ya kuhama yafanyike, tena kwa uzito, ila yafanyike mtu akiwa ameshakula, amelala, na ana kazi mkononi. Watoto waulizwe pia. Mjukuu wa mama mdogo kwa muda mrefu alikuwa akisikia ngurumo anabeba begi lake la shule na kusimama mlangoni. Hakuna aliyemcheka. Babu akawa anasimama naye.

Igombe ilikuwa tofauti. Rafiki yangu wa biashara ya dagaa, ziwa lilipomfikia, hakukuwa na tope la kutoa wala ukuta wa kukausha. Kusafisha kungekuwa kupoteza nguvu. Alichohitaji ni kukubaliana na ukweli kwamba maji hayaondoki karibuni, na watu wa kumbeba: guta la kuhamisha mabati na milango tuliyoing’oa mapema kabla haijaoza, chumba cha kuhifadhi nyavu na karabai, eneo la juu la kuanikia dagaa, na mtu wa kumkopesha bila kumuuliza kila Jumamosi. Mke wake alitaka pia kuyahamisha makaburi mawili ya watoto yaliyokuwa karibu na maji. Wazee, viongozi wa dini na ofisi ya kata walishirikishwa, na hilo lilikwenda kwa utaratibu wake, na wengi walikuja, maana hilo kila mtu alijua namna ya kulifanya. Tuliwakataza watoto kuoga na kucheza kwenye maji yaliyotuama kati ya nyumba na matete, kwa kuwa kichocho kinapenda maji kama hayo, na baadaye walipelekwa kupimwa.

Mama mdogo hajahama bado. Anatafuta chumba upande wa Nyakato, juu kidogo, na tunachanga tofauti ya kodi. Mpaka apate, fundi amezipandisha soketi juu ya alama ya maji, cherehani kimewekwa juu ya jukwaa la tofali, na vyeti, hati na kadi za kliniki viko kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana inayoning’inia darini. Namba 114 ya Zimamoto imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Binamu anayeishi kilimani ndiye mwenye zamu ya kutazama wingu. Mvua ikianza kwake kwa nguvu anapiga simu bondeni, saa yoyote, na watoto wanapandishwa kwake kabla Mirongo haujaanza kuunguruma. Masika yanakaribia, na kwenye kundi la ukoo bado tunajadiliana nani atabeba nini. Jana mjomba wa Magu ameandika kwamba yeye ana mabati kumi ya ziada na gari, na anataka kujua ayapeleke kwa nani kati ya mama mdogo na jirani yule mwenye kibaraza, ambaye paa lake la nyuma linavuja.